Jiwe Lililobaki Masanze

Juzi asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya nyumba yangu hapa Mikumi, mahali ninapokaa kila siku tangu mke wangu alipofariki. Kazi yangu pale ni kunywa chai na kutazama magari ya barabara kuu, kama mtu anayesubiri mgeni, ingawa sina mgeni ninayemtarajia. Watoto wako mbali na hunipigia simu Jumapili. Siku nyingine zote za wiki nina magari.

Basi likaja gari moja la watalii likivuta tela la kulala, yale matela yanayofunguliwa yakawa hema, kitanda na jiko. Kabla halijasimama nilishaona kwamba haliko sawa. Nyuma ya gari ilikuwa imekaa chini, pua imeinuka, kama mbwa anayeomba mfupa. Kijana dereva akashuka kwenda kununua maji dukani kwa jirani yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, huo usukani si unaelea?"

Akasimama. "Umejuaje? Unaelea kinoma! Halafu jana kila ninayepishana naye ananiwashia mataa. Nikadhani wananisalimia, na mimi nawapungia mkono."

"Ulikuwa unawapofua. Taa zako zinamulika nyani juu ya miti."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Nikifika Iringa naongeza springi, mzee. Bosi kashajua."

"Utaongeza springi, gari litanyanyuka, na uzito utabaki palepale ulipo. Kwenye boksi la mbele la tela umeweka nini?"

"Madumu ya maji. Mitungi ya gesi. Jenereta. Betri."

"Vyote hivyo?"

"Sasa mzee, boksi si la kuwekea vitu?"

Nilimwambia ahamishe vile vizito aviweke katikati, juu ya magurudumu ya tela. Asivipeleke nyuma kabisa, maana tela lenye nyuma nzito huanza kutikisa mkia barabarani mpaka likulaze. Alinibishia kidogo, kisha akafanya. Wageni wake walishuka wakanipiga picha nikipima kwa shubiri nafasi iliyopo kati ya tairi la nyuma na bodi. Gari lilikuwa limepanda vidole vinne, bila springi yoyote.

"Mzee, wewe noma. Ulisomea wapi haya?"

"Kwa baba yangu," nikamwambia. Akanishukuru, akaondoka zake.

Nikabaki pale na chai iliyopoa. Sikumdanganya yule kijana, lakini sikumwambia yote. Baba ndiye aliyenifundisha kupima. Siku niliyoelewa kabisa maana ya kipimo chake, mimi ndiye niliyekuwa nimeizamisha nyuma ya gari. Habari hii sijawahi kumsimulia mtu, hata mke wangu niliyeishi naye miaka mingi. Wewe nitakusimulia.

Bibi yangu mzaa mama alikaa Masanze, upande wa Kilosa, katika nyumba ya miti na udongo yenye baraza lililosuguliwa na makalio ya watu mpaka likang'aa. Hakuzaliwa pale. Alitoka Vidunda, milimani, akaletwa tambarare kuolewa, na alipoteremka alikuja na jiwe la kusagia alilopewa na mama yake. Alipenda kusimulia jinsi kaka zake walivyolibeba jiwe lile kwenye machela ya fito, na jinsi watu waliokutana nao njiani walivyovua kofia na kusimama pembeni, wakidhani ni maiti inapelekwa kwao. "Kaka zangu nao walikuwa watundu," alisema. "Walipokea pole njia nzima."

Lilikuwa jiwe la rangi ya majivu, pana kama mlango wa kibanda cha kuku, na katikati lina bonde laini kama kiganja. Bonde lile halikuchongwa na fundi. Lilichimbwa na mikono ya mama yake, na mama wa mama yake, kwa kusaga tu. Mashine za kusaga zilikuwapo Kilosa siku hizo, na mahindi yetu tulipeleka huko, lakini ulezi, karanga na ufuta bibi hakukubali vipite kwenye mashine. Unga wa mashine aliuita unga uliokimbizwa. Alisema mashine hukimbiza nafaka mpaka ikafa kwa woga, na ukila unausikia ule woga.

Likizo zote nilizipitisha kwake. Mpaka leo, nikiamka alfajiri na nyumba imenyamaza, masikio yangu hutafuta mlio ule: jiwe dogo likienda mbele na kurudi juu ya jiwe kubwa, krrr, kimya kidogo, krrr, na bibi akiimba kwa pua wimbo wa kanisani wa huko kwao, wimbo usiokuwa na maneno tena. Kisha harufu ya ulezi mbichi. Kisha moshi. Nilipotoka nje nikipangusa macho, nilimwamkia, naye alijibu, "Marahaba mume wangu, umeamka na hasira ya nani?" Aliniita mume wake kama mabibi wote wa kwetu wanavyofanya, na majirani walinitania kwamba mume gani huyu hajalima hata tuta moja. Nililima kidogo. Nilichota maji, niliokota kuni, nilifukuza ndege kwenye mpunga kwa kupiga debe. Malipo yangu yalikuwa kisamvu cha karanga alizosaga mwenyewe, kizito hivi kwamba kijiko kilisimama, na uji wa ulezi uliokuwa na mchangamchanga kidogo wa jiwe. Nisipouona mchanga ule, nilidhani uji haujaiva.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka kama kumi na moja. Mama yangu, aliyekuwa Mikumi na baba, alikuwa mjamzito na miguu imevimba. Mto nao ulikuwa umeingia shambani kwa bibi mara mbili mfululizo. Ikaamuliwa kwamba bibi ahamie kwetu, na baba aje kumchukua likizo itakapokwisha, na mimi nirudi naye.

Wakati watu wazima wanapanga hayo, mimi nilikuwa na shughuli yangu. Mwendo wa nusu saa kutoka kwa bibi palikuwa na kiwanda cha mkonge kilichofungwa, majani yamepanda mpaka madirishani. Ndani mlikuwa na mashine zilizolala, na magurudumu ya meno ya kila ukubwa, mengine yameshachomoka na kulala sakafuni. Sijui namna ya kukueleza jinsi nilivyoyapenda yale magurudumu. Nilikuwa nimeamua kwamba nitakuwa fundi, na fundi bila chuma ni nani? Kila siku nilipita upande wa nyuma nikatoka na moja, nikalificha chini ya ghala la bibi. Siku moja alinikuta.

"Mume wangu, unaniletea mahari ya chuma?"

"Ni ya kuchezea, bibi."

"Ya kuchezea yanabebwa na mkono mmoja. Baba yako akiyaona haya, atatufukuza wote wawili."

Alisema kweli. Baba alikuwa dereva wa wajenzi wa barabara, na siku alipojua kwamba watoto wa Masanze huingia kiwandani aliniita mbele ya mama akaniambia maneno ambayo bado nayasikia. "Mimi naaminiwa kwa mali za watu. Siku mwanangu akiitwa mwizi wa vyuma, narudisha funguo za gari, na nyumba hii haitakuwa na chakula." Hakuwa mtu wa kurudia.

Baba akaja na pikapu ya kazini pamoja na tela la kambi, alivyoruhusiwa. Lile tela lilikuwa nyumba ya wajenzi walipolala porini: ubao pembeni, turubai juu, vitanda viwili vya mbao ndani, na mbele kabisa, juu ya ule mkono wa chuma unaonasa kwenye gari, palikuwa na boksi kubwa la bati la kuwekea vyombo. Nililipenda kuliko nyumba yoyote. Lilinuka mafuta ya taa, vitunguu na majasho ya wanaume.

Hapa nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa lililotokea. Kwa desturi ya kwetu siku zile, mwanamume na mama mkwe wake hawakuzungumza ana kwa ana. Baba alipofika alichuchumaa mbali na mlango, akatazama pembeni, akatoa shikamoo yake. Bibi alijibu marahaba kutoka ndani, ameshusha khanga mpaka kwenye nyusi. Basi. Maneno mengine yote yalipita kwa mtu wa tatu. Baba hakuweza kugusa nguo za bibi, wala vyungu vyake, wala kufungua mzigo wake. Haikuwa chuki. Walipendana kwa namna hiyo, kwa kuwekeana umbali, na sijaona watu wawili wakiheshimiana kama wale. Siku ile mama hakuwepo. Mtu wa tatu nilikuwa mimi.

Asubuhi ya kuondoka, baba alipokwenda mtoni kuchota maji ya rejeta, nililaza gunia chini kabisa ndani ya lile boksi la mbele, nikavitia vyuma vyangu humo kimoja kimoja. Juu yake nilipanga sufuria za bibi, vyungu, na bunda la nguo zake. Nilijua ninachokifanya. Nilijua kwamba mahali pekee duniani ambapo baba hatapeleka mkono ni chini ya nguo za mama mkwe.

Tukapakia. Magunia mawili ya mahindi, moja la mpunga, kitanda, kinu, tenga la kuku waliokuwa wanalalamika kuliko sisi sote. Jiwe alilipakia baba mwenyewe kwa kulibingirisha juu ya ubao, akaliweka mbele ndani ya tela kwa sababu sakafu ya pale ilikuwa imeongezwa mbao.

Kisha akashika ule mkono wa tela ili aunase kwenye gari. Haukunyanyuka. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama. "Tela hili limemeza nini?" akasema. Aliunasa kwa msaada wa jeki, na alipoiteremsha jeki, nyuma ya pikapu ilishuka, ikashuka, mpaka nikadhani italala chini.

Baba alikuwa na kipimo chake. Aliingiza mkono kati ya tairi la nyuma na ukingo wa bodi. Gari likiwa tupu, iliingia shubiri nzima. Likiwa na mzigo, aliliruhusu lishuke hadi nusu ya shubiri. Siku ile viliingia vidole viwili. Aliniita nishike upande wa mbele wa gari, nikaona linavyotikisika jepesi, kama halijali tena ardhi. "Umeona?" akasema. "Nyuma ikizama, mbele inapoteza miguu. Utakata kona, gari litakwenda moja kwa moja. Uzito si mwingi, umekaa pabaya tu."

Akanituma. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Nenda kamwambie bibi yako, tela limeelemea mbele. Namwomba ruhusa vitu vya kwenye boksi vitolewe, wewe ndiye utakayevitoa, tuvipange upya katikati. Na jiwe nalo nitalisogeza hapo. Mwambie hakuna kinachobaki. Ni kupanga tu."

Kutoka kwenye tela hadi mlangoni kwa bibi palikuwa na hatua kama thelathini. Nilizitembea polepole. Kila hatua niliona gunia langu likitolewa boksini, na meno ya chuma yakimtazama baba. Nilipofika mlangoni, bibi alikuwa anafagia chumba kitupu ambamo hatalala tena.

"Baba yako anasemaje?"

"Anasema gari limelemewa. Anasema jiwe libaki."

Ufagio ukasimama.

"Amesema jiwe?"

"Ndiyo bibi."

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Ndiyo."

Alitazama nje kwa muda, kule lilipokuwa tela, lakini bila kuinua khanga. "Basi," akasema. "Mkwe akishasema, amesema. Yeye ndiye anayeijua kazi yake."

Nikarudi zile hatua thelathini. Nikamwambia baba, "Bibi anasema vitu vya boksini visiguswe. Anasema jiwe lishushwe, libaki hapa. Hana haja nalo tena."

"Jiwe?" Baba alinitazama. "Jiwe la mama yake?"

"Ndiyo baba."

"Sikuomba jiwe mimi. Hebu rudi ukamwambie..." Alijikuna kidevu, akatazama mlango wa nyumba, akatazama chini. Kumrudishia mama mkwe neno lake, tena kuhusu mali yake mwenyewe, kungekuwa kubishana naye, na hilo hakuliweza. "Haya. Mama akishasema, amesema."

Wote wawili walisema neno lilelile. Nilikuwa mtoto, lakini nililisikia.

Jirani wa bibi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni, alikuja mbio alipoona jiwe linashushwa. "Jamani! Mama mzima unaacha jiwe? Huko Mikumi ulezi utasaga kwa meno?"

"Meno yenyewe yako wapi?" bibi akajibu, na watu wakacheka. "Nitunzie wewe. Nikipata nafasi nitalifuata."

"Nitalisagia pilipili, nikikukumbuka nilie vizuri."

Lilibingirishwa mpaka uvunguni mwa ghala la jirani. Bibi aliinama juu yake kidogo. Alipangusa lile bonde kwa ukingo wa kiganja, akakusanya unga wa ulezi uliokuwa umebaki, akaulamba. Halafu akapanda nyuma ya pikapu, akakaa juu ya gunia la mpunga akiipa kabini mgongo, maana kabini alikuwamo mkwe wake.

Baba akapima tena. Vidole vitatu. Alitikisa kichwa, asielewe, lakini jua lilikuwa linapanda. Akasema tutakwenda taratibu.

Barabara ya siku zile kutoka Masanze kuja Mikumi ilikuwa ya udongo, na ina vilima ambavyo kwenye lami huwezi hata kuviona. Kwenye kilima cha kwanza pua ya gari ilianza kutafuta njia yake yenyewe. Baba alisimama, akatia jiwe chini ya tairi, akarudi kushika usukani. Bibi akagonga bati la kabini kwa kidole. Nikatoa kichwa.

"Tumesimamia nini?"

"Mbele imekuwa nyepesi, bibi. Nyuma ni nzito."

Hakuuliza zaidi. Nikasikia anashuka, kidogo kidogo, mguu mmoja ukitafuta tairi. "Mwambie baba yako aendelee. Nitapanda kwa miguu, tutakutana juu."

Nilitaka kushuka nifuatane naye. "Kaa," akasema, "wewe huna uzito." Nikakaa. Mimi niliyekuwa na uzito wote nilikaa kabini, nikamtazama bibi yangu kwenye kioo cha pembeni, akipanda kilima katika vumbi la tela, mkono mmoja kiunoni, akizidi kuwa mdogo. Baba hakutazama kioo. Alitazama mbele tu, masikio yamesimama, na nikajua kwamba kumwona mama mkwe wake akitembea nyuma ya gari lake kulikuwa kunamchoma. Bibi alipanda vilima vitatu namna hiyo, kwa miguu. Kila mara nilijiambia kwamba kilima kikiisha nitasema. Kila mara kilima kiliisha.

Tulifika Mikumi mchana umeshakuwa mkali. Mama alitoka na tumbo lake akipiga vigelegele. Yeye alikuwa na haki ya kufungua mizigo ya mama yake, naye akaanza na boksi la mbele. Alitoa nguo, akatoa vyungu, akavuta gunia. Halikuvutika. Akalivuta kwa mikono miwili, gunia likachanika, na magurudumu yangu ya meno yakaanguka moja baada ya jingine kwenye bati kwa mlio uliowatoa majirani nje kutazama.

Baba alisogea. Alilitazama moja, akalitikisa kwa mguu kujua uzito wake. Nikaona anapiga hesabu ya njia nzima kichwani: mkono wa tela uliokataa kunyanyuka, vidole viwili, usukani, vilima. Kisha akainua uso, akanitazama mimi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ametoa viatu, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Akamwambia mama, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwambie baba watoto vyuma vile ni vyangu. Nimechoka na mafiga ya udongo yanayopasuka kila masika. Nilimwambia mjukuu wangu aniokotee."

Hakunitazama aliposema hivyo. Baba aliteremsha macho. Kama alijua vilikotoka, alikaa na hilo moyoni. Alivibeba mwenyewe mpaka jikoni, vile vitatu vikubwa, akavipanga pembe tatu vizuri, kwa heshima, kama alivyopanga kila kitu cha mama mkwe wake.

Miaka yote iliyofuata, chungu cha bibi kilikaa juu ya magurudumu yangu. Nilikula ugali ulioivia pale, kutwa mara mbili. Mdogo wangu alizaliwa, akapikiwa uji pale, uji wa unga wa mashine. Bibi aliamka alfajiri kama zamani kwa sababu mwili ulishazoea, akakaa jikoni bila cha kusaga. Wimbo ule wa pua uliendelea siku chache, kisha ukaacha kuja. Nilikuwa nikilala chumba cha pili, nikasikiliza ule ukimya, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Ungeweza kusema lilikuwa jambo dogo kulirekebisha. Lilikuwa dogo kweli. Baba alipita Masanze na tela tupu mara nyingi. Lakini bibi hakuomba jiwe, kwa sababu aliamini mkwe wake ndiye aliyeamua libaki, na kuliomba kungekuwa kumwambia alikosea. Baba naye hakulileta, kwa sababu aliamini mama mkwe alishasema hana haja nalo, na kulileta kungekuwa kutosikiliza neno lake. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake. Neno moja langu lingetosha. Ningelisema na nikachapwa, na jioni yake jiwe lingekuwa njiani kuja. Mwanzoni niliogopa fimbo. Baadaye, nilipokwishazidi umri wa fimbo, niliogopa kuonekana nilivyokuwa.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili, bwenini. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamzika. Sijui kama alijua. Aliujua uongo wangu wa vyuma, huo aliubeba mwenyewe mbele ya watu. Lakini kama alijua kwamba na habari ya jiwe niliitunga mimi, au kama alikufa akidhani mkwe wake alikuwa mtu mgumu kiasi cha kumtenganisha na kitu cha mama yake, sijui. Nimeigeuza siku ile kila upande, yale maswali yake mawili ya mlangoni, amesema jiwe, amesema kwa mdomo wake, na bado sijui.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaanza kuendesha malori, safari yangu ya kwanza ya peke yangu nilipitia Masanze. Mto ulikuwa umebadili njia. Nyumba ya bibi, ghala, nyumba ya jirani, vyote vilikuwa shamba la mahindi ya mtu nisiyemfahamu. Jirani alihamia Mvumi, wakasema, au kwingine. Nikauliza habari za jiwe. Kijana mmoja akaniuliza, "Jiwe gani, kaka? Mawe si yako mengi?" Nilitembea kwenye yale mahindi mpaka viatu vikajaa tope, kisha nikarudi kwenye lori.

Baba aliishi mpaka uzee mkubwa, na mwishoni mimi ndiye niliyemuuguza. Siku moja, tumekaa juani, bila kuulizwa na mtu, akasema, "Bibi yako alikuwa mtu mwema sana. Jambo moja tu sikulielewa kwake. Alikuwa mwepesi wa kuacha vitu. Jiwe la mama yake aliliacha kwa sababu ya vyuma vya jikoni, wala hakugeuka nyuma. Mimi nisingeweza."

Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha uji. Nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto wanne. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, rafiki yangu. Lile la miaka kumi na moja ni la mtoto. Lile la kwenye jua ni langu mimi.

Sasa barabara yote ni lami, matela yana breki zake, na vijana wana springi za kuongeza. Hakuna anayesaga kwa jiwe, na vijana wa leo wanataniana na mama wakwe zao kwenye simu, jambo ambalo huenda ni zuri. Wale wawili, bibi na baba, wamelala makaburi mawili, hapa hapa Mikumi, na kati yao, hata sasa, pana umbali wa heshima. Huwa nakwenda kuyafyekea. Wiki iliyopita nilisimama katikati, panga mkononi, nikafikisha ujumbe niliotumwa.

Bibi, baba alisema hakuna kinachobaki, ni kupanga tu. Baba, bibi hakusema kwamba hana haja nalo.